Mashine ya umeme ya kusagia kahawa, bajeti shilingi 70,000: nichukue ipi?

Mkazi_SouthB: Habari zenu wadau. Mimi hunywa kahawa nyeusi, ya kuchuja kwa V60 (kile kikombe cha umbo la pia kinachowekwa karatasi), bila sukari. Naiagiza Nyeri, aina ya SL28 iliyokaangwa kidogo tu. Hadi sasa nasaga kwa mkono, na punje za namna hiyo ni ngumu. Wageni wakija, bega linalalamika. Nimeweka kando 70,000. Fellow Ode, DF64, Niche Zero na Eureka Mignon zote nimezisoma hadi zimenichanganya. Huenda siku moja nikanunua mashine ya espreso. Binamu yangu anarudi kutoka Marekani Desemba na amekubali kunibebea. Naombeni ushauri wa mtu anayetumia mojawapo nyumbani.

Kirinyaga_AA: Hiyo "siku moja" ndiyo itakayokula pesa zako. Ode imeundwa kwa kahawa ya kuchuja peke yake, haishuki hadi ulaini wa espreso. Lakini kwa kikombe chako ndiyo ningechukua. Ina meno bapa ya kusagia yenye kipenyo cha milimita 64, na kahawa yetu inataka usagaji ulio sawasawa. Vumbi likizidi, maji yanakwama kwenye karatasi na uchungu unafunika ule uchachu wa matunda unaoulipia. Chenga kubwa zikizidi, kikombe kinakuwa chepesi na kikali kama ndimu. Niche Zero ina meno ya umbo la pia, milimita 63, yaliyotengenezwa na kampuni ya Mazzer ya Italia. Inasaga kila kitu na kikombe chake kinajaa mdomoni, ila ladha hazijitengi sana. Tena ushuru ukiongezwa itapita bajeti yako. Mignon ni nzuri kwa anayekunywa espreso kila siku. Kutoka espreso kwenda V60 na kurudi utazungusha kile kitufe cha kurekebisha ulaini hadi uchoke.

Fundi_wa_Stima: Ndugu, kabla binamu hajalipa, mwambie asome kibandiko cha nyuma. Marekani wanatumia volti 120 na hezi (kasi ya mapigo ya umeme) 60. Sisi ni volti 240 na hezi 50. Ukichomeka moja kwa moja, mota inaungua. Transfoma itashusha volti lakini haibadilishi hezi, kwa hiyo mota za aina fulani zitazunguka polepole na kupata joto. Juu ya hayo, transfoma yenyewe ni mzigo jikoni. Afadhali uagize toleo la Uingereza, plagi yao ndiyo yetu. Na weka kilinda umeme. Stima ikirudi kwa kishindo baada ya kupotea, vifaa vya namna hii huumia.

Chujio_Langata: Mimi sikubaliani na Kirinyaga. DF64 inasaga ya kuchuja na ya espreso, ina toleo la volti 220, na meno yake ya milimita 64 unaweza kuyabadilisha baadaye ukaweka ya kampuni ya SSP kutoka Korea. Tabu yake ni unga kurukaruka na kunata kila mahali. Dawa ni tone moja la maji: pima gramu 15, lowesha mpini wa kijiko, koroga punje, kisha saga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walichapisha mwaka 2023 kwamba maji hayo kidogo hupunguza umeme tuli, ule unaoufanya unga unate, na espreso ikatoka nzito zaidi na isiyobadilikabadilika.

Shosho_Buni: Mwanangu, yoyote utakayonunua, mwaga punje kwenye sinia jeupe kwanza. Kahawa ya shambani huja na vijiwe, na kijiwe kidogo kama chenga ya mchele kinatosha kung'oa ncha ya jino. Safisha kwa brashi kavu, usioshe meno ya chuma kwa maji, yatashika kutu.

Mkazi_SouthB: Asanteni sana, na asante Shosho. Nimeamua DF64 ya volti 220, binamu abebe meno ya ziada tu kama atayapata. Swali la mwisho: naamka saa kumi na moja na mtoto analala chumba cha karibu na jikoni. Kelele ikoje?

Chujio_Langata: Inasikika, ila gramu 15 huisha kwa sekunde chache. Iweke juu ya taulo lililokunjwa, na usiiegemeze ukuta wa chumba cha mtoto. Usisage usiku ukaacha hadi asubuhi, harufu nyingi itakuwa imeondoka.