Walimu, hizi ngazi za EE na ME mnazotuletea siku ya kufunga shule zimetoka kwenye kikokotoo, hamjampima mtoto!

Wadau wa Kisumu, Vihiga, Kakamega na kote huku Magharibi, tuache kuchezeana shere. Ile karatasi anayopewa mzazi siku ya kufunga shule ni alama za mtihani wa kununua, zimevishwa nguo za CBE, yaani elimu ya umilisi.

Inavyopikwa ni hivi. Shule inanunua karatasi za kufungua muhula, za katikati na za kufunga. Mwalimu anasahihisha, anaingiza asilimia kwenye Excel, fomula inatema EE (amezidi matarajio), ME (amefikia), AE (anakaribia) au BE (yuko chini). Basi. Lile jedwali la vigezo lililo kwenye mtaala halijafunguliwa na mtu. Na jedwali lenyewe halina habari na asilimia! Linauliza mtoto anafanya jambo gani, na analifanya kwa wepesi, ipasavyo, kwa kiasi, au mpaka ashikwe mkono.

Chukua sehemu katika Hisabati. Mtoto anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Kosa hilo lina dawa: vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa, kimoja ukikunje nusu kwa nusu, kingine thuluthi tatu. Aone kwa macho yake kwamba jumla inapita nusu, ilhali 2/5 ni ndogo hata kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Dakika kumi, kwisha. Lakini kwenye ripoti kosa hilo halionekani. Namba nzima amepata 85, sehemu 25, wastani 55, anaandikiwa ME2, ile ME ya chini. Mzazi anasoma "amefikia matarajio" na kulala usingizi. Amefikia wapi? Ile 55 haielezi namba nzima wala sehemu.

Halafu shule zimeng'ang'ania ile mizani ya ngazi nane (kila ngazi imegawanywa 1 na 2) ya KJSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi 9, hata kwa kajaribio ka wiki. ME2 ni 41 hadi 57, pointi 5. ME1 ni 58 hadi 74, pointi 6. Sasa piga hesabu ya masomo 9. Aliyepata 57 kila somo ana pointi 45 kati ya 72. Aliyepata 58 kila somo ana 54. Na aliyepata 74 kila somo? 54 vilevile! Alama moja kwa somo inatenganisha watoto kwa pointi tisa, alama kumi na sita hazitenganishi chochote. Kisha mtu anapanga nafasi ya kwanza hadi ya mwisho kwa hizo jumla, na kuzibandika ukutani.

Miradi nayo ndiyo aibu kubwa zaidi, maana si mchezo: tathmini ya shuleni ya Gredi 7 na 8 ni asilimia 20 ya matokeo ya KJSEA, KPSEA, ule mtihani wa Gredi 6, asilimia 20 nyingine, mtihani wenyewe 60. Mnaagiza bustani ya gunia ya sukuma wiki wiki ya tisa, mnataka kuiona wiki ya kumi na moja. Sukuma hukaa kitaluni kama mwezi, na ukishaihamisha inataka mwezi na zaidi kabla ya kuchuma. Kwa hiyo mzazi anakwenda soko la Kibuye, ananunua miche, anajaza gunia usiku, na mwalimu anampa mtoto EE kwa kazi ya babake. Aliyeleta mche mdogo aliouotesha mwenyewe anapewa AE. Aliyefuata mtaala ndiye anayeadhibiwa!

Najua jibu litakalokuja: "darasa lina watoto 60". Sawa. Hisabati sekondari msingi ina vipindi 5 kwa wiki. Tazama watoto 12 kila kipindi wakiwa kazini, wiki ikiisha umewaona wote 60 kwa ujuzi mmoja. Daftari moja, majina kushoto, ujuzi juu, ngazi na tarehe ndani ya kisanduku. Wiki inayofuata rudia walio AE na BE tu. Mtoto akipanda, ngazi mpya inafuta ya zamani. Usizijumlishe ukagawa kwa mbili! Aliyejua leo anajua, hata kama mwezi jana hakujua.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza mzazi afanye nini. Usiulize "amekuwa wa ngapi". Mwambie mwalimu akuonyeshe ujuzi mmoja ambao mtoto bado hajaushika, na kazi aliyoifanya inayothibitisha hivyo. Kwa mradi, omba picha au maelezo ya kila hatua, si gunia la siku ya mwisho.

Na mwalimu anayetaka kubisha hapa chini, karibu. Njoo na daftari lenye tarehe. Excel kaa nayo.