Waranti ya nyongeza ya laptop: ninunue au niache? (HARAKA)

Kutoka: Mama Wawili, Leicester
Jumanne, saa 4 usiku

Shikamooni wakubwa wote, wadogo hamjambo.

Naomba msaada wa haraka. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo, anasomea uuguzi. Laptop yake tulinunua kabla hajaanza masomo, kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme hapa mjini, pauni 649. Wiki iliyopita bawaba ya kushoto imeng'oka yenyewe, ikavuta kioo, na sasa nusu ya skrini ni nyeusi. Haijaanguka, haijamwagikiwa na chochote, mtoto mwenyewe ni mtunzaji.

Nimeipeleka dukani. Kijana wa kaunta kaangalia risiti, kasema mwaka umepita, waranti ya mtengenezaji imekwisha, duka halihusiki, niwapigie watengenezaji. Nimewapigia, nao wanasema nirudi dukani. Halafu kijana huyo huyo ananionyesha laptop mpya, ananiambia safari hii nisifanye mchezo, nichukue na waranti ya miaka 3 kwa pauni 139, au pauni 5.50 kila mwezi wanakata benki. Kasema bei hiyo ni ya leo na kesho tu.

Kwangu mie hiyo ni zaidi ya malipo ya shifti nzima ya usiku ya kea, kazi ya kutunza wazee na wagonjwa. Na hapo karatasi za ILR yangu, kile kibali cha kuishi Uingereza bila kikomo, nilikuwa nazipakia kwenye laptop hiyo hiyo, na UKVI, idara ya viza, hawasubiri mtu.

Swali langu ni moja: hiyo waranti ya laptop mpya ninunue au niache? Nijibuni kabla ya kesho jioni.

---

Kutoka: Mzee wa Reading
Jumanne, saa 5 usiku

Marahaba mwanangu, na pole kwa usumbufu.

USINUNUE KITU. Huyo kijana amekupotosha, na watu wetu wanapotoshwa hivyo kila siku kwa sababu hatupendi kubishana mbele za watu. Waranti ya mtengenezaji ni hiari yake. Haki yako iko kwenye CRA 2015, sheria ya haki za mlaji (Consumer Rights Act), na mdaiwa wako ni duka lililopokea pesa yako, siyo kiwanda. Kitu kinatakiwa kiwe na ubora wa kuridhisha na kidumu muda unaolingana na bei yake. Laptop ya pauni 649 kung'oka bawaba kwa kufungua na kufunga tu, nani atasema huo ndio umri wake? Tayari una waranti ya miaka 6 ya bure. Ya miaka 3 ya kulipia ni ya nini?

Friji letu lilikufa baada ya waranti kwisha. Niliandika barua moja, nikataja sheria, nikawaambia wasipojibu naenda small claims, mahakama ya madai madogo. Walirudisha sehemu kubwa ya pesa. Barua tu, mwanangu.

---

Kutoka: Dada wa Leeds
Jumatano, saa 1 asubuhi

Shikamoo mzee wangu. Ila naomba tusiwaambie watu kuna "waranti ya miaka 6". Haipo. Miaka 6 ni muda wa kupeleka madai mahakamani, tena kwa England na Wales. Walio Scotland ni 5. Kila siku ya Alhamisi nakaa na watu wenye kesi hizi, na nusu ya kazi yangu ni kuwatoa hiyo miaka 6 kichwani.

Mpangilio uko hivi. Siku 30 za mwanzo, kitu kikiwa na kasoro unarudisha na unadai pesa yako yote. Mpaka miezi 6, kikiharibika, sheria inahesabu kwamba kasoro ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na duka ndilo lioneshe vinginevyo. Wanapewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, wakishindwa unaweza kukikataa. Baada ya miezi 6 mzigo wa ushahidi unakuja kwako. Binti yuko mwaka wa pili, kwa hiyo miezi 6 imeshapita: anahitaji maandishi ya fundi huru yanayosema hii ni kasoro ya utengenezaji na siyo matumizi mabaya. Akishinda, duka linaruhusiwa kukata kiasi kwa muda alioitumia. Asitegemee 649 nzima.

Mama Wawili, la muhimu kuliko yote: ile ya zamani ulilipa kwa kadi gani? Kama ni kadi ya mkopo una S75, yaani kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji (Consumer Credit Act), kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000. Benki inabeba deni sawa na duka. Kama ni kadi ya debiti S75 haikuhusu, na chargeback, yaani kuiomba benki irudishe malipo, ina muda wake mfupi.

Na hilo la "leo na kesho tu" usikubali likuharakishe. Kuna amri ya 2005 kuhusu waranti za nyongeza za vifaa vya umeme vya nyumbani. Duka linatakiwa likupe bei kwa maandishi, na bei hiyo ibaki wazi kwako siku 30. Ukishanunua una siku 45 za kughairi na kurudishiwa zote kama hujadai kitu. Baada ya hapo ukighairi unarudishiwa kwa hesabu ya muda uliobaki.

---

Kutoka: Fundi wa Coventry
Jumatano, saa 2 asubuhi

Habari za asubuhi wote. Dada wa Leeds amesema kweli juu ya ripoti, niongeze la ufundi.

Mama, hiyo bawaba naijua bila kuiona. Laptop nyingi za bei hiyo, bawaba imekazwa kwa skrubu ndogo tatu au nne, na skrubu zenyewe zimeingia kwenye vibomba vya shaba vilivyochomekwa ndani ya plastiki. Bawaba ikiwa ngumu, kila ukifungua unavuta vile vibomba. Siku moja kimoja kinachomoka, unasikia "tak", hujali. Vilivyobaki vinabeba mzigo wote, navyo vinafuata. Hapo mfuniko unaachana na kona, kioo kinapinda, waya wa skrini unakatika. Mtoto hana kosa. Mwambie apige picha ya kona hiyo kwa karibu, zile shaba zionekane zimeng'oka na plastiki ya rangi ya maziwa pembeni yake. Plastiki iliyopasuka kwa kuanguka huwa na alama nje, kwenye ganda. Iliyovutwa na bawaba mara nyingi haina alama ya pigo nje. Hiyo ndiyo hoja ya ripoti yako.

Na kabla hujaipeleka popote, chomeka kwenye TV kwa HDMI. Kama picha inatoka, karatasi zako za ILR zitoe leo hii. Wakiipokea kutengeneza, wengi wanafuta kila kitu, na ukisoma masharti wanasema data siyo jukumu lao.

Kuhusu waranti mpya: inategemea imeandikwa nini. Betri kuchoka haimo karibu kote. Maji na kuanguka hayamo mpaka yatajwe kwa jina.

---

Kutoka: Kaka wa Hamburg
Jumatano, saa 4 asubuhi

Ndugu zangu mnahangaika bure. Ulaya sheria ni miaka 2 kwa kila kitu kipya. Huku kwetu inaitwa Gewährleistung, dhamana ya muuzaji kwa sheria, na tangu Januari 2022 miezi 12 ya mwanzo muuzaji ndiye anayethibitisha kwamba kasoro haikuwepo. Mama aende na hiyo tu.

---

Kutoka: Dada wa Leeds
Jumatano, saa 4 na nusu

Kaka, Leicester siyo Hamburg. Uingereza imetoka EU na hiyo miaka 2 haitumiki huku. Akienda kaunta na sheria ya Ujerumani watamcheka, na atapoteza hata haki anayoistahili. Tafadhali tumjibu kwa sheria ya pale alipo.

---

Kutoka: Kaka wa Hamburg
Jumatano, saa 4 na robo tatu

Sikusema Leicester ni Hamburg. Nilitaka kusaidia. Kama list hii ni ya Uingereza pekee tuambiwe tujitoe.

---

Kutoka: Mwana wa Likoni, Luton
Jumatano, saa 6 mchana

Jamani pole pole.

Mimi niliwahi kuwa nayo hiyo waranti, ya kulipa kila mwezi. Laptop ilikataa kuwaka, nikapiga simu, wakanitumia boksi. Ilikaa huko majuma mazima, ikarudi na mazabodi (bodi kuu ya ndani) iliyotumika na kila kitu changu kimefutwa. Ilipokufa tena walisema haitengenezeki, wakanipa vocha ya duka lao, si pesa. Na mkataba ukaishia hapo, ile mpya nikaambiwa nianze kulipia upya. Mama Wawili, hesabu: 5.50 mara 36 ni pauni 198, si 139. Na kulipa mwezi kwa mwezi mara nyingi hakukomi baada ya hiyo miaka 3, wanaendelea kukata mpaka uwaambie basi.

Yaani huwa nakumbuka Luthuli Avenue, Nairobi. Unaingia na laptop kwapani, kijana anaifungua mbele ya macho yako, anakuonyesha "hii ndiyo imeungua", mnakubaliana bei, unakwenda kula, unarudi inawaka. Huku tunaambiwa haitengenezeki na kumbe ni kipande cha pauni 10.

---

Kutoka: Fundi wa Coventry
Jumatano, saa 7 mchana

Umenena. Mimi kazi hii nimejifunzia Kariakoo, kwenye kibaraza cha watu, taa moja na kikombe cha spiriti ya kusafishia. Hakuna aliyetufundisha kwamba kitu "hakitengenezeki". Bawaba kama ya huyu binti tungeipiga gundi ya epoksi na skrubu za kupenya mpaka nje, na ingekaa. Sura mbaya lakini inafanya kazi.

---

Kutoka: Shemeji wa Milton Keynes
Jumatano, saa 9 alasiri

Mliotaja nyumbani, angalizo: waranti nyingi za hapa haziondoki Uingereza. Nilimpelekea mdogo wangu Mwanza laptop yenye waranti ya kulipia. Ilipokufa wakasema iletwe huku, na kuisafirisha kwenda na kurudi kungegharimu karibu sawa na kununua nyingine. Someni kifungu cha nchi kabla hamjalipa.

Tena ukishuka uwanja wa ndege na laptop mbili forodha wanakuuliza kama mfanyabiashara. Na kwa kuwa nimechukua pasi ya hapa, nalipia viza kuingia nilikozaliwa. Mama yangu ananisubiri nje na mimi niko foleni ya wageni. Inauma.

---

Kutoka: Mwana wa Likoni, Luton
Jumatano, saa 9 na robo

Sisi Kenya hilo la uraia pacha tulilimaliza na Katiba ya 2010. Sijui nyinyi mnangoja nini.

---

Kutoka: Mzee wa Reading
Jumatano, saa 10 alasiri

Hatungoji, tunanyimwa. Mimi nimeomba uraia pacha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Wanatuletea hadhi maalumu kwa Watanzania waliochukua pasi za nje. Hadhi siyo uraia, hupigi kura nayo. Pesa tunazotuma zinapokelewa bila kuulizwa pasi.

---

Kutoka: Shemeji wa Milton Keynes
Jumatano, saa 10 na robo

Hadhi maalumu ni hatua, mzee. Tusibeze kila kitu.

---

Kutoka: Mzee wa Reading
Jumatano, saa 10 na nusu

Sibezi. Nina dada zangu waliozikwa nikiwa nasubiri viza. Usiniambie nabeza.

---

Kutoka: Msimamizi
Jumatano, saa 11 jioni

Ndugu, mada ya uraia ina uzi wake, iendelezwe kule. Hapa tubaki na laptop. Kaka wa Hamburg, list ni ya wote, usiondoke.

---

Kutoka: Mama Wawili, Leicester
Jumatano, saa 12 jioni

Asanteni sana. Picha imetoka kwenye TV, karatasi zote nimezihamisha, Mungu akubariki Fundi. Shaba ziko vilevile ulivyosema, nimezipiga picha.

Sasa duka linafungwa saa 2. Ile waranti ya laptop mpya ninunue au nisinunue?

---

Kutoka: Mzee wa Reading
Jumatano, saa 12 na dakika kumi

Usinunue. Nimeshasema.

---

Kutoka: Dada wa Leeds
Jumatano, saa 12 na robo

Mama, kabla ya "ndiyo" au "hapana" kuna mambo ya kuwauliza pale kaunta. Hiyo ni bima au ni mkataba wa huduma tu? Ikiwa bima, wakikukatalia unaweza kufika FOS, msuluhishi wa malalamiko ya benki na bima, bure. Mkataba wa huduma FOS hawaushughulikii. Tena bima ikiuzwa pamoja na kifaa na muuza vifaa inatozwa IPT, kodi ya bima, asilimia 20, wakati bima ya nyumba ni 12, kwa hiyo sehemu nzuri ya hiyo 139 ni kodi. Kuanguka na maji yamo? Kama hayamo, unalipia kwa kiasi kikubwa kile ambacho CRA inakupa tayari. Na bima yako ya vitu vya nyumbani inasemaje kuhusu mtoto aliye chuoni? Nyingi zinamhesabu kama bado wa nyumbani kwenu. Angalia excess yake, kile kiasi unachojilipia mwenyewe kwanza.

Na bado hujanijibu: ile ya zamani ulilipa kwa kadi gani?

---

Kutoka: Fundi wa Coventry
Jumatano, saa 12 na nusu

Dada, kwa haki yote ya CRA, binti ana mitihani. Kesi ya barua inachukua muda na yeye anahitaji mashine kesho. Kama waranti ina kuanguka na inaleta mbadala ndani ya siku chache, kwa mwanafunzi anayebeba laptop kwenye basi kila siku mimi nisingeikataa moja kwa moja.

---

Kutoka: Mzee wa Reading
Jumatano, saa 12 na dakika arobaini

Hiyo pauni 139 weka pembeni benki, ndiyo waranti yako. Ikiharibika unayo, isipoharibika ni yako.

---

Kutoka: Dada wa Leeds
Jumatano, saa 1 kasoro robo usiku

Mzee, pauni 139 hainunui laptop.

---

Kutoka: Mgeni wa Slough
Jumatano, saa 1 usiku

Habarini wakubwa, mimi mpya humu. Nimenunua laptop na waranti mwezi uliopita kwa jina la kampuni yangu ndogo ya usafi. Hizo siku 45 na mimi zinanihusu?

---

Kutoka: Dada wa Leeds
Jumatano, saa 1 na dakika tano

Karibu. Kwa jina la kampuni wewe siyo mlaji kisheria, CRA haikuhusu. Fungua uzi wako tafadhali, na utaje ulilipa kwa kadi gani.