Naomba ushauri: baba anaelewa kila kitu ila maneno hayatoki baada ya kiharusi

Wakuu, habari zenu. Mzee wangu alipata kiharusi mwezi wa tatu. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, kauli ikakata. Daktari alisema damu ilikosa kufika sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto, ile aliyoieleza daktari Mfaransa Paul Broca mwaka 1861, inayohusika na kutoa usemi. Kuelewa anaelewa: ukimwomba miwani anakupa. Ila yeye akitaka chai anaishia "ch... ch..." mpaka anapiga meza kwa hasira. Cha ajabu, tukianzisha Baba Yetu au wimbo wa kanisani anaenda nao mpaka mwisho bila kukwama!

Tumejaribu kumtajisha vitu kwenye picha, anachoka haraka. Mtaalamu wa tiba ya usemi huku wilayani hayupo.

Kuna aliyemsaidia mgonjwa kurudisha maneno kupitia nyimbo, na mlianzaje? Pili, lugha yake ya utotoni ni Kisambaa, Kiswahili alikikuta shuleni. Tumzoeze kwa ipi, au zote mbili? Mama anashikilia Kisambaa, mimi nahofia tunamchanganya.