Mafundi, acheni kututoza hela ya "defragi" kwenye SSD!

Wakuu, nimechefukwa. Defragi ni kule kuvipanga upya vipande vya mafaili kwenye diski; SSD ni diski ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka. Kompyuta ya dada yangu inaganda hata ukifungua faili moja la Word. Kaipeleka kwa fundi hapa Dar, kaachiwa risiti: "Defragi na kusafisha diski, 30,000/=". Kafika nyumbani, mashine nzito vilevile.

Nikafungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha hali ya mashine, upande wa Performance. Chini ya Disk 0 pameandikwa waziwazi: SSD. Fundi mzima, ofisi ina bango na kiyoyozi, kashindwa kusoma herufi tatu?

Sikatai, defragi ina kazi yake. Diski za zamani zina sahani inayozunguka, mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma. Faili likitawanyika vipandevipande, kichwa kinahangaika kama konda anayesaka chenji, ndiyo maana ukivipanga pamoja mashine inapata nafuu. Sasa SSD haina sahani wala kichwa! Kipande kikae popote, kinafikiwa upesi uleule. Ukianza kuhamishahamisha mafaili unazichosha tu seli zake za kuhifadhia data, maana zina kikomo cha kuandikwa. Mara moja haiui, lakini hela umelipa ya nini?

Tena Windows inajipangia yenyewe kila wiki tangu enzi za Vista, bure kabisa. Andika dfrgui pale Start uone ilifanya lini mara ya mwisho. Ikikuta SSD, kwa kawaida inaituma amri ya TRIM, ya kuiambia diski nafasi zipi hazitumiki tena, basi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wazi: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, diski C imejaa pomoni, na utitiri wa programu zinazowaka pamoja na Windows. Fundi hakugusa hata moja.

Na kuna wale wabaya zaidi. Unampelekea diski inayolia tak-tak-tak, yeye anaiwekea defragi usiku kucha. Jamani, hiyo inakata roho! Hamisha picha na nyaraka za mtu kwanza, mengine baadaye. Kuisugua hivyo ndiyo kuimalizia.

Dada kapiga simu kudai hela yake, kajibiwa: "Kazi ilifanyika, asilimia ilifika 100." Hivi hapo unamjibu nini?

Mwenye fundi anayepima kwanza ndipo anataja bei, aweke eneo hapa. Mashine bado ninayo, nataka kuiongezea RAM wiki hii.