Ndugu aliyeko mahabusu anaweza kupiga kura?

Mwana Rungwe, Tukuyu
Wakubwa shikamooni. Mdogo wangu yuko mahabusu Mbeya mjini kwa kesi isiyo na dhamana, na upelelezi haujakamilika. Nilipomtembelea Jumapili, baada ya kuuliza hali ya mama aliulizia kadi yake ya mpiga kura, ambayo mama ameitunza kwenye bahasha moja na stakabadhi za majani mabichi ya chai. Je, kwa kuwa hajahukumiwa, anaruhusiwa kupiga kura akiwa huko ndani?

Mwalimu, Mafinga
Pole sana ndugu yangu, na umsalimie mama. Anaruhusiwa. Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki ya kura kila raia aliyetimiza miaka 18, na Ibara ya 13 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitika. Katika uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulioanzia Kigoma Julai 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitenga vituo 130 katika magereza ya Bara na 10 katika Vyuo vya Mafunzo, yaani magereza ya Zanzibar, ili mahabusu na wafungwa wa kifungo kisichozidi miezi sita waandikishwe. Lakini jina la mdogo wako lipo kituo cha nyumbani, kwa hiyo kumpelekea kadi peke yake hakutoshi. Aombe kuhamisha taarifa zake wakati uandikishaji unapofunguliwa, na wewe uongee mapema na uongozi wa gereza.

Mama Kihesa, Iringa
Mwalimu amejibu vizuri, ila mimi hiyo miezi sita inaniumiza. Katiba inataja kutiwa hatiani kwa "makosa fulani ya jinai", haitaji urefu wa kifungo, na ndiyo maana mwaka 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichowanyima kura wafungwa wa zaidi ya miezi sita kinapingana nayo, ingawa kikomo hicho kilitumika tena katika uandikishaji huo aliousema Mwalimu. Walioiba kuku wawili, mmoja akapewa miezi mitano na mwenzake minane, wametofautiana nini katika uraia wao? Kenya, mwaka 2017, wafungwa walipiga kura ya kumchagua Rais. Huyu wa miezi minane atarudi kijijini kulima na kulipa ushuru chini ya diwani aliyechaguliwa yeye akiwa ndani, na sioni sababu ya kumnyima sauti.

Mwana Rungwe, Tukuyu
Asanteni sana. Nimemsomea mama majibu haya, naye ameitoa kadi kwenye bahasha ili ninakili namba yake kabla ya Jumapili.