Tupeane uzoefu: Mlitumiaje jimu na viwanja vya chuo wakati wa korona bila kuambukizana?

KijanaWaVyuma, Nakuru

Habari zenu wadau. Mi nasaidia kwa ofisi ya michezo ya chuo kimoja hapa Nakuru na wiki ijayo tunafungua jimu ya hosteli, ni chumba kimoja tu kilikuwa stoo ya magodoro. Nimeambiwa niandike sheria za kubandika mlangoni. Sasa sitaki kunakili zile za "osha mikono" alafu niende nyumbani, juu mambo niliyaona na macho yangu nikiwa bado mwanafunzi, chuo ingine si hii.

Januari 2021 tuliporudi baada ya kukaa nyumbani tangu Machi 2020, watu walikuwa na njaa ya vyuma si kidogo. Mi ndio nilikuwa na kitambaa cha buluu na chupa ya kupuliza, napanguza benchi, napanguza dambeli moja moja mpaka mishiko ikaanza kutoa rangi, na nilikuwa najivunia ile kazi haki. Lakini madirisha yalikuwa yamepakwa rangi juu ya komeo, hayafunguki, na hakuna mtu aliona hiyo ni shida. Kufika saa kumi na mbili jioni tukiwa watu kumi na wanne, kile kioo kikubwa cha ukutani kilikuwa kimejaa ukungu ata unaweza kuandika jina na kidole. Ule ukungu ni pumzi zetu, umetoka kwa vifua vya watu kumi na wanne na hauna pa kuendea, na mi niko hapo chini napanguza vyuma.

Ndani ya wiki mbili watano wetu waliugua. Siwezi kusema ni jimu kwa uhakika, tulikuwa tunakula pamoja na kulala chumba kimoja, lakini mnaelewa. Rumeti wangu alienda nyumbani wikendi kabla hajajua ako nayo, shosho yake akalazwa akawekwa oksijeni siku tisa. Alipona, Mungu ni mwema, ila hiyo siku tisa rumeti hakuwa analala na mi sikuwa nalala.

Alafu Machi 26 tukafungiwa tena, Nakuru ikiwa kati ya zile kaunti tano pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, michezo yote ikasimamishwa.

Kwa hivyo naomba kila mtu aseme alichofanya chuoni kwake, kilichosaidia na kilichokataa. Si korona tu, ata TB inasafiri kwa hewa na homa ziko kila mwaka.

Nyar_Dunga, Kisumu

Ndugu asante kwa kuileta hii. Mi nilikuwa yule anakaa mlangoni na daftari. Watu nane kwa wakati mmoja, dakika 45, alafu dakika 15 chumba kinakaa wazi mlango na madirisha bila mtu ndani. Unaandika jina, namba ya simu, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Watu walinichukia, niliitwa askari jela na majina mengine siandiki hapa.

Ikaenda vizuri mpaka Juni 2021. Si mnakumbuka Kisumu ndio Delta, ile aina mpya ya korona, ilianza kusikika, alafu serikali ikatuweka kwa zile kaunti 13 za magharibi na ziwa, kafyu saa moja jioni mpaka saa kumi alfajiri. Hapo ndio nilijifunza kitu sikuwa nimefikiria. Mwanafunzi anatoka darasani saa kumi jioni na saa kumi na mbili na nusu anataka kuwa amefika nyumba yake huko nje, so chuo mzima wanataka jimu kwa hayo masaa mawili. Kafyu iliwekwa watu wasisongamane na mlangoni kwangu ikawasonganisha. Siku ya kwanza foleni ilikuwa watu karibu arobaini wamebanana kwa veranda wakingojea kuingia nane nane! Tukahamisha nusu ya zamu zikawa asubuhi kuanzia saa kumi na mbili, na tukasema hakuna kungojea hapa, ukiandikwa unapewa saa yako unaenda unarudi. Kaka usiangalie ndani peke yake, angalia na pale nje watu wanangojea.

Na daftari liliokoa watu. Kijana mmoja alipimwa akapatikana nayo, akanipigia yeye mwenyewe, hiyo nampa heshima mpaka leo juu wengi walikuwa wanaficha. Nilipiga simu saba jioni hiyo hiyo. Wawili walikuja kupatikana nayo na walikuwa wamejifungia tayari, mmoja alikuwa na tiketi ya basi ya kwenda Siaya kwa mazishi kesho yake.

DensiNaAfya, Kakamega

Mulembe wote. Mi nilikuwa nafundisha mazoezi ya muziki, darasa la wadada wengi na vijana wachache. Tulipokubaliwa kurudi nilisoma habari za Korea Kusini nikaogopa, mji unaitwa Cheonan, mwanzoni mwa 2020 walimu wa densi ya mazoezi walienda semina wakarudi kufundisha, na watu 112 wakaambukizwa kupitia jimu 12. Vyumba vidogo, watu wengi, kila mtu anahema kwa nguvu. Na kilichonishika zaidi ni kwamba mwalimu mmoja wao alikuwa pia anafundisha mazoezi ya polepole, ya kunyoosha viungo na kupumua, kwa watu wachache, na hilo darasa hakuna aliyeugua.

Nikahamisha darasa lote uwanja wa basketi. Nilichora alama na chaki, hatua zangu tatu kati ya mtu na mtu, na nikaacha kupiga kelele za "moja mbili moja mbili", nikanunua filimbi, alafu nikaona filimbi nayo si ni kupuliza tu, nikaanza kuonyesha na mikono. Spika ikabaki chini kidogo juu ukiweka muziki juu sana watu wanaongea kwa kupaaza sauti.

Sasa mnajua mvua ya Kakamega. Saa tisa saa kumi jioni wingu limeshatoka upande wa msitu na hakuna kubembeleza. Mara ya kwanza ilitukuta tukakimbilia ukumbini, watu thelathini, milango ikafungwa juu mvua inaingia, na kwa vile damu imechemka wakaendelea kuruka humo humo. Mi ndio niliwaachilia. Nililala vibaya wiki nzima nikingoja nisikie nani anakohoa. Hakuna aliyeugua lakini sikuirudia, tulikubaliana mvua ikianza kila mtu anaenda kwake na darasa linafidiwa asubuhi. Tafadhali andika hiyo kwa sheria zako mapema, juu mvua ikishafika watu hawatakusikia.

Omera_Bondo

Chupa ya maji. Kila mtu na yake na jina limeandikwa. Sisi timu ya mpira tulikuwa tunapitisha moja wote kumi na mmoja, na tulikuwa tumevaa barakoa kwa kidevu. Hiyo tu.

KlinikoZiwani, Kisumu

Nilikuwa nasomea udaktari wa kliniki wakati huo, niongeze machache.

Ukifanya mazoezi makali unavuta na kutoa hewa mara nyingi zaidi ya mtu ameketi, so mgonjwa mmoja anajaza chumba haraka, na wewe unayehema karibu naye unavuta nyingi vile vile. Kupanguza vifaa ni vizuri na msiache, ila mwisho wa yote ilionekana hewa ndio njia kubwa na vyuma ni njia ndogo. Na ata ukipanguza, dawa inataka muda, ukipuliza na kukausha hapo hapo umefanya kazi bure, soma kibandiko dakika ngapi, iache ikae na unyevu wake. Sanitaiza ya mkono nayo iwe na alkoholi asilimia 60 kwenda juu, kulikuwa na zingine zinauzwa mjini zilikuwa ni maji ya manukato.

Barakoa ilileta ubishi sana. WHO walisema usivae ukiwa kwa zoezi kali juu inalowa jasho na kukubana pumzi, wakasema kaa mbali na watu. Hapa kwetu sheria ya 2020 ilikuwa bila barakoa mahali pa umma ni faini hadi 20,000 au jela miezi sita, so mtu alikuwa anakimbia barabarani na hofu mbili. Tulichofanya sisi, ndani ya jimu barakoa ibaki na zoezi liwe la wastani, ukitaka kuhema kwa nguvu toka nje uwanjani. Na unabeba ya pili kwa mfuko, ya kwanza ikilowa unabadilisha.

Alafu hii ndio naomba iwe juu kabisa kwa karatasi yako ndugu. Chicago, mwishoni mwa Agosti 2020, jimu moja ya mazoezi makali ya ndani, watu 81 walihudhuria, 55 walipata. Kati ya hao 55, 22 walienda siku dalili zimeanza au baada ya hapo. Walikuwa wanaumwa na walienda! Mtu anajiambia ni kikohozi kidogo nikitoa jasho itaisha, na hiyo maneno ya kutoa jasho homa iende mi nimeisikia hapa kwetu tangu nikiwa mtoto.

Namba8, Bungoma

Daktari hapo kwa kutoa jasho umenigusa, huyo ni mimi.

Nilicheza raga chuoni. Agosti 2021 nilipata, si mbaya, homa siku nne, kunusa ikapotea, mwili ukawa kama umepigwa rungu. Siku ya kumi nikasikia niko sawa na tulikuwa na mechi ya kirafiki inakuja, nikaingia uwanjani asubuhi peke yangu kukimbia raundi. Raundi ya kwanza sawa. Ya pili, kama nimefika kona ya mbali ile ya miti ya mikaratusi, moyo ukaanza kupiga vibaya, si haraka tu, ilikuwa inapiga inaruka inapiga, na kifua kikabana hapa katikati kama mtu ameweka goti. Nikaketi chini kwa nyasi na umande. Nakumbuka nilikuwa naangalia mkono wangu unatetemeka na nafikiria mamangu atapigiwa simu na nani.

Mlinzi wa uwanja ndio alinikuta, mzee mmoja mzuri sana, hakuniuliza maswali, alinishika bega tukakaa mpaka nikaweza kusimama. Hospitalini wakanipima moyo na ile mashine ya waya, daktari akaniambia hiki kirusi kinaweza kuacha moyo umevimba na ukiulazimisha kazi unaweza kuanguka hapo hapo uwanjani. Nikakatazwa mazoezi miezi mitatu. Mimi. Kilo 104. Nilianza tena na kutembea dakika kumi na tano jioni na mamangu tukienda kuchukua maziwa, alafu thelathini, alafu kukimbia polepole, wiki kwa wiki.

Kwa hivyo mtu akisema amepona usimpe chuma kizito siku hiyo. Akisikia maumivu ya kifua, moyo kuruka, au kizunguzungu, asimame na aende hospitali, asionyeshe uanaume kwa hii kitu.

MamaUsafi, Nakuru

Vijana hamjambo. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia. Nilikuwa nafanya usafi katika jumba la michezo la chuo wakati ule. Nyinyi mnaongea habari ya waliokuja kufanya mazoezi, na mimi nilikuwa hapo ndani tangu saa kumi na moja asubuhi.

Waliongeza kazi wakasema tuoshe mara nne kwa siku, glavu walituletea jozi moja kila mtu kwa mwezi. Mwenzangu akachanganya Jik na ile dawa ya choo akidhani itaua zaidi. Ilitoa moshi wenye ukali, macho yakawaka, tukatoka mbio tukikohoa, mwenzangu alikohoa juma zima na watu wakamkimbia wakisema ana korona. Hakuwa nayo. Jik haichanganywi na kitu kingine ila maji, na maji baridi, na madirisha yawe wazi. Hakuna aliyekuwa ametufundisha.

Na mtu akimaliza zoezi lake apanguze mwenyewe pale alipolala na jasho lake. Mimi nina umri wa mama zenu.

SamakiWaNyanza, Kisumu

Kuogelea kwa ufupi tu. Maji yenyewe si shida kama klorini iko sawa, angalau miligramu 1 kwa lita na pH, kile kipimo cha ukali wa maji, isipite 7.8, kirusi hakidumu humo. Shida ni chumba cha kubadilishia nguo, kidogo, unyevu, hakina dirisha na kila mtu anapiga stori na taulo shingoni. Sisi tulikuwa tunakuja tumevaa kostumu ndani ya nguo na tunaoga nyumbani.

KijanaWaVyuma, Nakuru

Wadau nimesoma yote mara mbili. Mama, samahani sana kwa yaliyowapata, glavu nimeitisha leo, boksi si jozi, na nimeandika kila mtu apanguze alipolala. Na hiyo ya Jik nitaibandika ndani ya kabati ya vifaa vya usafi, kwa Kiswahili.

Namba8 pole ndugu yangu, nimeweka mstari wa mtu aliyetoka kuugua, aanze na kutembea.

Jana jioni nilienda kwa kile chumba na bisbisi na kisu. Madirisha manne, mawili yalikuwa yamepakwa rangi vile vile, ni kama hawa mafundi wote walisomea mahali pamoja. Nikakwangua, yakafunguka. Alafu nikawasha dawa ya mbu ile ya kuzunguka nikaiweka katikati nikaketi chini kuangalia moshi unaenda wapi. Upepo wa jioni unaingia upande wa mlango, moshi ukatoka vizuri kwa madirisha mawili, lakini kona ya nyuma kulia, pale walipanga kuweka baiskeli tatu za mazoezi, moshi ulikaa. Ulikaa tu hapo juu ya sakafu kama dakika kumi.

Leo asubuhi baiskeli tumezitoa tukaziweka kwa veranda chini ya mabati, kona imebaki na mikeka ya kunyoosha viungo, mtu mmoja kwa wakati. Watu wanane chumba kizima. Nyar_Dunga, daftari nimenunua, kurasa 200, na foleni haitakuwa kwa veranda.