Bagamoyo au Ushongo kwa familia, siku nne? Natakiwa kulipa kabla ya Ijumaa

Baba Wawili
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuipeleka familia ufukweni siku nne, kulala mara tatu. Hoteli ya maana, yenye bwawa, bufee na bustani, siyo gesti. Nimechuja nikabakiwa na mbili: moja Bagamoyo, nyingine Ushongo kule Pangani. Bei zinakaribiana. Zote zinataka nusu ya malipo kufikia Ijumaa, la sivyo chumba anapewa mwingine. Ipi nzuri? Naomba waliofika wenyewe, siyo waliosimuliwa. Nawasilisha.

mnazi_mkinda
Naweka kiti hapa. Na mimi nasubiri majibu.

Mtoto wa Chumbageni
Ushongo. Uzi ufungwe.

Mama Pacha
Mleta uzi, mbona hujasema kitu? Watoto wangapi na wana miaka mingapi? Mwezi gani? Mnatokea wapi na mnakwenda kwa usafiri gani? Hiyo bei ni pamoja na milo yote au chai ya asubuhi tu? "Bei zinakaribiana" ndiyo shilingi ngapi? Au unataka tukupigie ramli?

Baba Wawili
Samahani dada, nilikuwa naandikia kwenye daladala. Tunatokea Tabata. Watoto wawili, mmoja ana miaka 4, mwingine 11. Tunakwenda Desemba, shule zikishafungwa. Milo yote imo. Bei siiweki hapa, mama watoto naye yumo humu jukwaani na nimemwambia nusu yake.

Ngalawa
Hahaha. Mkuu umeshakwisha. Hilo jina lako analijua.

Mama Pacha
Huyo wa 11, Desemba bado atakuwa 11? Muulize mtu wa mapokezi kabla hujatuma hela. Hoteli nyingi mtoto akishatimiza 12 analipiwa kama mtu mzima, na wa chini ya hapo nusu. Pacha wangu walitimiza 12 siku ya pili ya safari, nikaulizwa vyeti vya kuzaliwa kaunta kama vile naandikisha shule. Halafu uliza mambo mawili: bei uliyopewa ni ya Mtanzania au ya mgeni, na VAT ya asilimia 18 imo au inakuja kukusubiri kwenye bili. Wakujibu kwa maandishi. "Usijali bosi" siyo maandishi.

Nahodha Mstaafu
Nyote mnaangalia hoteli, hakuna aliyeangalia mwezi. Namaanisha mwezi wa angani.

Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo tunakuwa na bamvua. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Pwani yetu hii, siku za bamvua, kwenye saa nne asubuhi maji yameshakwenda zake, na yanarudi kujaa kama saa kumi jioni. Sasa wewe watoto wako wataamka, watakunywa chai, watavaa nguo za kuogelea saa tatu na nusu, na bahari ndiyo hiyo inaaga. Siku za maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, maji hayajai sana wala hayakupwi sana, na asubuhi unayakuta. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50.

Bagamoyo ufukwe wake ni bapa, kwa hiyo maji yakikupwa yanakwenda mbali sana. Halafu mto Ruvu unamwaga pale kaskazini ya mji, mvua zikinyesha bara maji ya bahari yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Siyo uchafu, ni udongo, lakini mkeo hataogelea. Ushongo nako maji hukupwa, asikudanganye mtu, ila kuna mchanga mzuri na mdomo wa mto Pangani uko mbali kidogo. Chukua kalenda, hesabu tarehe, ndiyo uweke chumba.

Mtoto wa Chumbageni
Mzee kasema. Ushongo.

Kiroboto
Naomba na mimi niseme yangu. Hoteli siitaji, sheria za humu zinajulikana na sina hela ya wakili.

Mwaka juzi, Bagamoyo, tulikuwa watano. Picha za mtandaoni: bwawa la bluu, mnazi umeinama, mtoto wa Kizungu anakunywa dafu. Tukafika saa saba mchana. Bwawa kijani. Siyo kijani cha kivuli cha miti, kijani cha mlenda. Namuuliza kijana wa mapokezi, ananijibu kwa utulivu kabisa: "Bosi, linapumzika." Bwawa linapumzika!

Tukasema si neno, bahari ipo. Tukashuka. Bahari haipo. Ni tope linang'aa mpaka mwisho wa macho, na kule mbali mtu mmoja na ndoo yake anatembea kama ana miadi Zanzibar. Mwanangu wa miaka sita akaniuliza, "Baba, wameitoa wakaifue?" Tukajaribu kuifuata. Hatua ya kumi, tope likameza kandambili ya mama yake. Tulichimba kwa mikono, tukapata kaa wawili na kifuniko cha soda. Kandambili iko huko mpaka leo.

Usiku: bufee hakuna, wageni wachache, chagueni kwenye menyu. Tumeagiza saa kumi na mbili na nusu, changu wa kukaanga amekuja saa tatu kasoro, watoto wamelala vichwa mezani, mmoja shavu lipo kwenye sosi. Asubuhi chai ina chumvi. Nikadhani wamekosea kopo, nikarudisha. Cha pili chumvi ileile, kumbe ni maji ya kisima. Mhudumu, mama mtu mzima, akainama akaninong'oneza, "Baba, chukua kahawa, inaficha." Huyo mama ndiye mtu pekee niliyemwachia bakshishi.

Bili sasa. Kitanda cha ziada kimeandikwa, wakati kilikuwa godoro la nchi nne bila shuka. Dafu 5,000. Nje ya geti, mzee na baiskeli yake anauza 1,000. Nilipouliza nikaambiwa lile la ndani lina mrija.

Ngalawa
Pole, lakini mwezi gani huo?

Kiroboto
Aprili, ilikuwa Pasaka.

Ngalawa
Aprili! Katikati ya masika unakwenda kuogelea pembeni ya mdomo wa Ruvu, unategemea nini, Maldives? Mnatuchafulia mji wetu bure.

Kiroboto
Chumvi kwenye chai nayo ni masika?

Ngalawa
Hiyo ya chai sina utetezi. Lakini mleta uzi, ana mtoto wa miaka 11. Siku nne za mchanga mtupu atakuulizia bando siku ya pili. Bagamoyo una pa kumpeleka. Pale Misheni, walioianzisha ni mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, kuna mbuyu umemeza mnyororo, kimebaki kipande tu kimechomoza kwenye gome. Wangu alisimama pale nusu saa anauvuta. Kuna mnara ambamo mwili wa Livingstone, yule mvumbuzi Mskoti, ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, baada ya watumishi wake akina Chuma na Susi kuubeba kutoka huko bara kwa miguu. Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Jioni soko la samaki, pweza wa kukaanga na pilipili. Na ukichoka, Tabata ni kilomita 70 na ushee, unarudi kulala kwako. Ushongo ukichoka unakwenda wapi?

Mtoto wa Chumbageni
Unakwenda Maziwe, bwana wee. Boti inawachukua asubuhi, mnashushwa kwenye kisiwa cha mchanga mtupu katikati ya bahari, mnavaa miwani mnaangalia samaki kwenye matumbawe, maji yakijaa kisiwa kinazama chote mnarudi kula. Zamani kilikuwa na mivinje, bahari imeila. Ndiyo maana mayai ya kasa yakitagwa pale watu wa Ushongo wanayahamishia ufukweni kwao, yasizame. Ukibahatika mtoto wako anaona vifaranga wa kasa wanakimbilia maji. Huyo wa 11 bando atalisahau. Kipindi cha kaskazi hicho cha Desemba bahari ya kwetu ni safi. Na siku ya kurudi mnapitia mapango ya Amboni, nje kidogo ya Tanga mjini.

Mama Pacha
Mtoto wa miaka 4 kwenye boti ya kwenda kisiwa kinachozama. Mimi hapana. Akienda, aulize kwanza kama wana jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto. Siyo la mtu mzima lililokunjwa.

Fundi Gereji
Hakuna aliyeuliza gari. Gari gani?

Baba Wawili
IST.

Fundi Gereji
Watu wanne kwenye IST na mabegi, sawa.

Baba Wawili
Sita.

Fundi Gereji
Sita?

Baba Wawili
Sikutaja, kuna mama mkwe na dada wa kazi. Mama mkwe magoti yanamsumbua, hapandi ngazi.

Mama Pacha
Jamani mwanaume huyu! Tangu jana tunashauriana habari ya watu wanne. Mama mkwe mwenye magoti ndiyo habari yenyewe, siyo nyongeza! Chumba cha chini. Choo cha kukaa. Njia ya kwenda kulia chakula iwe imejengwa, maana hizo risoti za kifahari wanapenda njia za mchanga na vibanda vya makuti kila kimoja mwisho wa dunia. Mama mtu mzima kusukuma magoti kwenye mchanga mara sita kwa siku, chai, mchana, usiku, kwenda na kurudi, atakuwa anakulaani kimoyomoyo.

Fundi Gereji
Na IST ni ya watu watano. Trafiki wa kwanza tu umekwisha. Halafu sikia, Dar mpaka Tanga ni kama kilomita 350, uongeze 50 za kushuka Pangani, uvuke mto kwa pantoni kwenda Bweni, ndiyo uanze kutafuta Ushongo. Mvua za vuli zikiwa zimechelewa kuisha, hiyo njia ya mwisho sampo ya IST, lile bakuli la oili chini ya injini, inasoma kila jiwe. Ukitaka, pita barabara ya Bagamoyo–Msata, kilomita 64 za lami, unakwepa foleni ya Mlandizi na Chalinze.

mnazi_mkinda
Hiyo ya Msata tochi za trafiki za kupima mwendo ziko wapi siku hizi?

Fundi Gereji
Kila palipo na kibao cha 50. Nenda 50 hata kama kijiji hukioni. Mimi nililipa 30,000 mara mbili siku moja, ya pili nilikuwa najitetea kuwa ya kwanza nimeshalipa.

Kiroboto
Mimi walinipiga tochi nikirudi kutoka ile hoteli. Nikamwambia afande, yaani leo.

Nahodha Mstaafu
Daraja la Pangani likishafunguliwa, hadithi ya pantoni itakwisha. Ila mimi pantoni nitaikumbuka. Pale ndipo unaponunua korosho.

Ngalawa
Si mnaona? Safari inaanza kuwa ya korosho. Bagamoyo mama mkwe anashushwa mlangoni, amebwaga moyo. Ndiyo maana ya jina.

Mtoto wa Chumbageni
Ndiyo maana ya jina kwa wapagazi waliofika pwani wakatua mizigo. Kwa waliokuja na minyororo maana yake ni kukata tamaa, moyo uuache hapo. Ukisema jina, sema yote mawili.

Ngalawa
Wazee wa Bagamoyo wenyewe wanabishana mpaka leo, wewe wa Chumbageni umeamua?

Mtoto wa Chumbageni
Sijaamua. Nimesema mawili.

Mama Pacha
Tuache moyo. Baba Wawili, mama watoto anaogeleaje? Nauliza kwa sababu sisi tunaovaa stara tulishazuiwa bwawani kwa sababu ya fulana za pamba. Kuna hoteli wanasema pamba inaziba machujio, wanataka vazi la kitambaa cha kuogelea. Lile la stara la mikono mirefu lipo, linauzwa Kariakoo, nunueni kabla. Mimi nilikaa siku mbili pembeni nachovya miguu kwa bei ya ful bodi, yaani na milo yote.

Baba Wawili
Hilo sikuliwaza. Asante dada.

Nimepiga simu zote mbili leo mchana. Bagamoyo: vyumba viwili vya chini vilivyounganika vipo, nimeuliza chai ina chumvi, dada wa simu akacheka, hakunijibu. Ushongo: nyumba nzima ya makuti, hatua ishirini kutoka majini, ila ina ngazi nne. Nne tu. Nikamweleza mama mkwe yote, nikitegemea achague Bagamoyo niondokane na pantoni. Ameuliza swali moja: ipi kati ya hizo wanaruhusu jiko la mkaa barazani, maana hali chakula asichokiona kikipikwa.

Ngalawa
😂 Ful bodi ya watu sita.

Mtoto wa Chumbageni
Mwambie Ushongo wavuvi wanashusha samaki mbele ya macho yake. Anachagua nguru mwenyewe anapeleka jikoni. Ngazi nne tutambeba.

Fundi Gereji
Vyovyote iwavyo, ulete gari nikaangalie shokapu za nyuma. Au kodi Noah.

Nahodha Mstaafu
Umeangalia kalenda ya mwezi?

Baba Wawili
Naangalia sasa hivi. Tarehe zangu zinaangukia bamvua. Na mama watoto amenitumia ujumbe WhatsApp, ameandika tu: "Nusu?"

mnazi_mkinda
Kwa hiyo jibu ni lipi? Mimi nakwenda Juni.

Nahodha Mstaafu
Juni ni kusi, bahari inachafuka. Fungua uzi wako.

Mama Pacha
Na useme watu wangapi.